Gari la yadi limekufa wiki ya tatu: uende polisi, Mahakama ya Mwanzo, au umalizane na muuzaji?

Noah yangu ilikufa pale unapoanza kupanda kutoka Himo kwenda Marangu, siku ya 19 tangu niinunue. Haikufa kwa kishindo. Unakanyaga mafuta, injini inanguruma, gari limesimama palepale kama ng'ombe aliyegoma. Kondakta wa Hiace iliyokuwa nyuma yangu akapaza sauti: "Mama, gearboksi hiyo, sogeza pembeni!" Kwa sekunde chache alikuwa ameshatambua kitu ambacho dalali wa yadi kule Arusha alikuwa ameapa kwamba hakipo. "Mama yangu, hii ilikuwa ya sista wa misheni," aliniambia siku ya kununua, "haijawahi kubeba hata mkungu wa ndizi."

Milioni 13 na nusu. Milioni 12 nilizipitisha benki, ile moja na nusu nikampa dalali mkononi, bila risiti, kwa sababu alisema ni ya "kuharakisha mambo". Itakumbukwa huko mbele.

Ndani ya siku mbili nilikuwa na washauri wengi kuliko kamati ya harusi. Shemeji alisema polisi, "akilala ndani usiku mmoja hela inatoka". Mwalimu mwenzangu alisema mahakamani. Kaka yangu wa Dar alisema tengeneza gari, samehe, songa. Fundi wangu, ambaye husikiliza redio siku nzima, alisema nipeleke malalamiko Tume ya Ushindani. Nilichokuja kugundua ni kwamba kila mmoja alikuwa sahihi kwa gari la mtu mwingine. Aliyeninyoosha ni karani wa wakili mmoja hapa Moshi, aliyeniuliza kabla hata sijakaa: "Unataka hela, unataka gari zima, au unataka mtu afungwe?" Nikajibu vyote. Akacheka, akasema nirudi nikishachagua.

Nilinganishe basi njia hizo kwa swali lake.

Kuhusu "mahakama ya madai madogo"

Ukitafuta mtandaoni utakutana na Mahakama ya Madai Madogo, dai lisizidi milioni moja, hukumu ndani ya siku 60. Usifurahi haraka. Hiyo ni ya Kenya, kwa sheria yao ya mwaka 2016, na milioni hiyo ni shilingi za kwao. Ukishavuka Namanga kuja huku Tanzania hakuna mahakama yenye jina hilo. Kazi hiyo kwetu inafanywa na Mahakama ya Mwanzo, ambayo inasikiliza deni linalotokana na mkataba kama halizidi shilingi milioni 30. Kabla ya sheria kubadilishwa mwaka huohuo wa 2016 kikomo kilikuwa milioni 3, kiasi kisichonunua hata IST iliyochoka, kwa hiyo ukikutana na mzee anayekuambia "Mahakama ya Mwanzo haisikilizi kesi za magari", anakumbuka enzi zake.

Milioni 30 inabeba karibu kila gari ambalo mwalimu, muuguzi au mwenye duka la Mbuyuni ananunua: Vitz, Passo, Raum, Premio, Noah, Probox. Prado ya maana haimo. Mwenye Prado ataruka mpaka kwenye Mahakama ya Wilaya.

Kabla ya njia yoyote, ujue kama una dai

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtazama mwenye yadi kwa jicho tofauti na jirani yako anayeuza Carina yake kwa sababu ada za watoto zimemkaba. Mtu ambaye biashara yake ni magari, ukamweleza unataka gari la kazi gani na ukategemea ujuzi wake, sheria inaingiza ndani ya mkataba sharti kwamba gari litafaa kwa kazi hiyo, hata kama hakuna aliyeliandika. Mimi nilimwambia dalali, mbele ya mdogo wangu, kwamba nataka gari la kupanda Marangu kila Jumamosi na mizigo. Sentensi hiyo moja ilikuja kunifaa kuliko muhuri uliopigwa kwenye mkataba wetu. Jirani anayeuza gari lake binafsi hafungwi na sharti hilo. Kwake tegemea macho yako na fundi wako, na ukitaka kumdai uthibitishe kwamba alikudanganya.

Kuna mipaka. Kama ulilikagua gari, huwezi baadaye kudai kwa ubovu ambao ukaguzi huo ulipaswa kuuonyesha: taa iliyopasuka, tairi vipara, mlango uliopigwa rangi isiyofanana na mwingine. Na gari la mtumba ni mtumba. Bushi kuisha baada ya miezi miwili kwenye barabara zetu si udanganyifu, ni barabara. Unachotafuta ni ubovu uliokuwepo siku ya kununua, uliojificha, na mkubwa kiasi cha kulifanya gari lisifae kazi uliyoitaja.

Wauzaji wengi siku hizi wanaandika kwenye mkataba "mnunuzi amelikagua gari na amelikubali kama lilivyo". Maneno hayo yanakupunguzia nguvu, sikufichi. Lakini hayamkingi aliyedanganya kwa makusudi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inampa aliyerubuniwa haki ya kuukataa mkataba. Kilomita zilizorudishwa nyuma, gari lililopinduka likanyooshwa na kuuzwa kama "halijawahi kuguswa", hayo hayafunikwi na mstari mmoja wa mkataba.

Halafu kuna jambo la muda ambalo watu wengi wanaliharibu wenyewe. Kama unataka kulirudisha gari, liegeshe na umjulishe muuzaji kwa maandishi mapema. Ukiendelea kulitumia miezi mitatu kama mwenye mali, sheria inahesabu kwamba umelikubali. Unabaki na dai la fedha za ubovu tu, gari ni lako. Muda wa kufungua madai ya mkataba wenyewe ni mrefu, miaka 6, ila ushahidi hauna subira hiyo. Dalali anabadilisha laini ya simu, yadi inahama kutoka Sakina kwenda kusikojulikana.

Polisi kwa upande huu, Mahakama ya Mwanzo kwa upande ule

Hapa ndipo watu wengi wanagawanyika, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Ukienda polisi unakwenda kulalamika kuhusu jinai, na jinai inayotajwa sana ni kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, kifungu cha 302 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo hadi miaka 7. Inasikika tamu ukiwa na hasira. Lakini tazama kinachotakiwa kuthibitishwa: kwamba alichokuambia kilikuwa uongo, na kwamba alijua ni uongo wakati anakisema. Dalali wangu angejibu kwa sentensi moja: "Afande, mimi si fundi, niliambiwa na mwenye gari." Kazi ya kumbana inaanza hapo, na inatakiwa ifike mahali pasipo na shaka ya maana. Mahakama ya Mwanzo kwenye madai haiulizi hivyo. Ina kanuni zake za ushahidi za mwaka 1964, fupi na za kueleweka, na kwenye madai hakimu anaangalia ushahidi wa nani una uzito zaidi. Mzani ukiinama kidogo upande wako, umeshinda.

Tofauti ya pili ni kesi ni ya nani. Ukishaandikisha maelezo na kupewa RB, ile namba ya taarifa yako kituoni, kesi si yako tena. Ni ya Jamhuri. Wewe ni shahidi. Mpelelezi akihamishwa Babati, unasubiri. Waendesha mashtaka wakiona ushahidi hautoshi, jalada linafungwa, na hawahitaji ruhusa yako. Kwenye madai, wewe ndiye mdai: unafungua, unapatana ukitaka, unaondoa ukitaka.

La tatu linauma zaidi, gari linaweza kuwa kielelezo. Niliona kituoni magari yaliyoota nyasi kwenye rimu. Kama unalihitaji gari lako kwa kazi hata likiwa bovu, lifikirie hilo kabla hujalikokota kwenda kituoni. Mahakama ya Mwanzo haikuhitaji ulete gari. Picha, ripoti ya fundi, na fundi mwenyewe kusimama kizimbani vinatosha kwa kawaida.

Na hela? Mtu akitiwa hatiani mahakama ya jinai inaweza kuamuru akulipe fidia. Inaweza. Lengo lake kuu ni adhabu, na fidia inakuja mwishoni kama ikija. Kwenye madai hela ndiyo kesi yenyewe.

Nisiwe mnafiki. Wapo waliolipwa kwa sababu muuzaji aliitwa kituoni akaogopa, na shemeji yangu ni mmoja wao. Alipata milioni 2 kati ya 5, mezani, bila karatasi, na zile 3 hajaziona mpaka leo kwa sababu mpelelezi alishaandika kwamba wamepatana. Polisi si wakusanya madeni na wao wenyewe watakuambia, "Mama, hii ni kesi ya madai, nenda mahakamani." Wakikuambia hivyo usidhani wamehongwa. Mara nyingi wako sahihi.

Polisi ndiko kwa kwenda, tena mbio, pale tatizo linapokuwa la umiliki kuliko ubovu. Kadi ya gari ni ya kughushi. Namba ya chasisi haifanani na iliyo kwenye kadi. Gari moja limeuzwa kwa watu wawili. Dalali amepokea hela na gari halijawahi kuonekana. Gari ni la wizi na mwenyewe amelitambua pale mataa ya Philips. Hayo hayasubiri barua ya madai. Na kufungua jalada la jinai hakukuzuii kufungua madai. Njia hizi mbili zinaweza kwenda sambamba, japokuwa utachoka mara mbili.

Kwa upande wa Mahakama ya Mwanzo, utaratibu hauhitaji usomi. Unaeleza dai lako kwenye fomu: umenunua nini, kwa nani, lini, kwa kiasi gani, nini kilitokea, unadai shilingi ngapi. Unapewa kontroli namba, unalipia ada ambayo ni ndogo ukilinganisha na bei ya gari, samansi inatoka. Lugha ni Kiswahili. Zamani mawakili hawakukanyaga kabisa kule. Siku hizi wanaruhusiwa pale panapokuwa na hakimu mkazi, lakini bado ni mahakama ambayo mama wa duka anaweza kusimama mwenyewe na akaeleweka. Mahakama imejiwekea lengo la kumaliza kesi za ngazi hii ndani ya miezi 6. Lengo ni lengo. Kesi yangu ilipigwa kalenda mara tatu kabla ya kusikilizwa: mara hakimu yupo kwenye mafunzo, mara mdaiwa "anaumwa", mara samansi haijarudi. Asipotokea kabisa bila sababu, unaweza kuomba isikilizwe upande mmoja. Asiyekuwepo na lake halipo.

Mambo mawili yanaangusha watu hapa. La kwanza ni mahali. Unafungua alipo mdaiwa au mahali jambo lilipotokea, kwa hiyo mimi wa Soweto, Moshi, niliyenunua Arusha, nilisafiri kwenda Arusha. Sikuweza kumburuza muuzaji aje Mahakama ya Mwanzo ya Moshi Mjini kwa sababu mimi ndiye niliyeumia. Kilomita 80 kwenda, 80 kurudi, na ukifika unaambiwa "njoo tarehe 14". Ziweke nauli na siku za kazi kwenye hesabu yako tangu mwanzo. Kwa waliopo Arusha mjini yenyewe, Mahakama ya Mwanzo Maromboso ndilo jina utakalosikia.

La pili ni sura ya dai. Mahakama hii inasikiliza deni la mkataba. Ombi lako liwe kiasi fulani cha fedha, kinachohesabika, kinachotokana na mauziano hayo: bei irudishwe, au gharama ya gearboksi na ufundi kwa risiti. Watu wanashauriana barazani, wanaongeza "fidia ya usumbufu wa kisaikolojia milioni 40", na kesi inatupwa nje kwa kuzidi kikomo au kwa kuwa na dai ambalo si la mahakama ile. Nilidai milioni 1 na laki 9, kila senti ikiwa na karatasi. Mdogo wangu alinicheka kwamba nadai kidogo. Asiyeshinda kinyang'anyiro cha karatasi hapati hata hiyo kidogo.

Mahakama ya Wilaya, na Tume

Mahakama ya Wilaya nitaipita haraka. Ni ya madai makubwa zaidi, ya gari la milioni 45, au ya mtu anayetaka mkataba ubatilishwe pamoja na fidia za jumla. Kuna hatua ya usuluhishi ambayo huwezi kuiruka, kuna nyaraka za kuandikwa kwa namna yake, na bila wakili utazunguka. Mahakama yenyewe imejipa miezi 12. Ukishalipa wakili kwa dai la milioni 2, umefanya biashara ya kuuza ng'ombe ili ununue kamba.

Tume ya Ushindani ina nguvu kwenye karatasi: Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu ubora wa bidhaa, na adhabu zake zinapimwa kwa mauzo ya kampuni. Nguvu hiyo inafaa zaidi mkiwa wengi mliouziwa na yadi moja kwa tangazo moja la uongo. Kwa mtu mmoja anayetaka hela ya gearboksi kabla shule hazijafunguliwa, ningeiweka ya pili, nikiwa nimeshafungua dai langu kwingine.

Kumalizana, lakini kwa maandishi

Kaka yangu wa Dar hakuwa mjinga. Kabla ya yote, piga hesabu ya baridi: kutengeneza ni shilingi ngapi, na kudai ni shilingi ngapi ukijumlisha nauli, siku ulizokosa kazini, na kichwa kuuma? Ubovu wa laki 3 haufai kesi. Tengeneza, mseme dalali kwa jamaa zako wote, basi.

Ubovu ukiwa mkubwa, kumalizana bado ndiyo njia ya haraka kuliko zote, kwa sharti kwamba kila kitu kiandikwe. Andika barua ya madai: tarehe ya kununua, ubovu, ripoti ya fundi, kiasi unachotaka, na siku 14 za kujibu. Ipeleke kwa mkono, asaini nakala; akikataa kusaini, ipeleke na shahidi au mwenyekiti wa mtaa wake. Barua hiyo inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Inaweza kumlainisha, na isipomlainisha inakuwa kielelezo chako cha kwanza mahakamani.

Mwenye yadi atakuja na mapendekezo, na yote hayalingani. "Lete gari tulitengeneze" maana yake gari linarudi mikononi mwake, na fundi ni wake. Likubali tu kama mmeandikiana siku ya kulikabidhi na nini kitabadilishwa. "Chukua jingine, ongeza milioni 2" ndilo pendekezo ninalolishuku zaidi ya yote: anauza mara mbili kwa mteja mmoja, na lile bovu analipaka rangi kwa mwingine. "Nitakulipa kidogo kidogo" si baya, mradi kuna tarehe, kiasi, saini, na mashahidi. Ahadi ya WhatsApp ya sauti inasaidia pia; Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inazikubali jumbe za kielektroniki kama ushahidi, kwa hiyo usifute chochote, hata matusi.

Baraza la kata na ofisi ya mtaa ni mahali pa suluhu. Zinafaa sana kama muuzaji ni mtu wa jirani anayejali jina lake pale Kiboriloni au Njiro. Kwa dalali anayeishi kwenye simu, ni kupoteza asubuhi.

Unachoshika mkononi ndicho kinachochagua njia

Mali bila daftari hupotea bila habari, na hapo ndipo milioni yangu moja na nusu ilipozama. Mwenye yadi alisema hajawahi kuiona. Dalali alisema hajawahi kuipokea. Sikuwa na meseji, sikuwa na shahidi wa tendo lenyewe. Sikuidai kabisa, kwa sababu dai moja lisilothibitika linafanya hakimu aanze kuyashuku na mengine.

Nilichokuwa nacho: mkataba wa mauziano uliosainiwa kwa wakili, slipu ya benki, tangazo la gari nililolipiga picha kwenye simu likiwa na maneno "gearboksi safi, weka mafuta uondoke", mdogo wangu kama shahidi wa mazungumzo, na ripoti ya fundi mwenye cheti cha VETA aliyekubali kuja kueleza. Hili la fundi ni la kupigania. Mafundi wengi wanaandika "gia mbovu" kwenye kipande cha boksi na hawataki kusikia neno mahakama. Mlipe siku yake. Aeleze ubovu ulikuwepo tangu lini na amejuaje; wangu alieleza mafuta ya gia yalivyokuwa meusi na yenye vipande vya chuma, kitu ambacho hakitokei ndani ya siku 19.

Angalia pia unamdai nani. Jina lililopakwa kwenye geti la yadi linaweza kuwa kampuni, au jina la biashara tu lililosajiliwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, na jina la biashara halina mifuko. Anayedaiwa ni mtu aliye nyuma yake. Tena yadi nyingi zinauza magari ya watu wengine kwa kamisheni, na jina kwenye kadi si la mwenye yadi. Kama aliyekuuzia hakukutajia mwenye gari, akapokea hela na kusaini kwa jina lake, mdai yeye. Akimtaja mtu mwingine mahakamani, unganisha wote wawili.

Hukumu si hela

Hili hakuna aliyeniambia mapema. Ukishinda, aliyeshindwa ana siku 30 za kukata rufaa Mahakama ya Wilaya. Asipokata wala asipolipa, unarudi wewe kuomba utekelezaji, na mahakama inaweza kuagiza mali yake ikamatwe na kuuzwa na dalali wa mahakama. Ndiyo, dalali mwingine. Swali basi linakuwa: ana mali gani inayoonekana? Yadi yenye magari kumi yaliyo kwa jina la mwenyewe ni mdaiwa mzuri. Dalali wa mkoba, ambaye ofisi yake ni kivuli cha mti na simu mbili, unaweza kumshinda kesi tano na usipate kitu. Kwa mtu wa aina hiyo, laki 8 za leo mezani kwa maandishi ni bora kuliko hukumu ya milioni 2.

Kwa hiyo, kwa gari lako

Kama kadi, chasisi au mwenye gari ndiyo tatizo, polisi leo hii. Kama ni ubovu mkubwa uliofichwa, muuzaji ana yadi inayosimama mahali, na una slipu na mkataba, barua ya siku 14 kisha Mahakama ya Mwanzo bila kutaka kuonekana mbabe. Kama ulinunua kwa mtu binafsi na hakukuambia uongo wowote unaoweza kuuthibitisha, tengeneza gari. Kama ulilipa mkononi, bila karatasi, kwa mtu usiyejua jina lake la pili, patana kwa chochote atakachotoa. Kama gari ni la zaidi ya milioni 30 na unataka bei yote irudi, mtafute wakili kabla hujaandika hata barua. Huwezi kumlipa, uliza kwa wasaidizi wa kisheria. Wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na kukusaidia kuandika dai ni kazi wanayoijua.

Mimi sikufika kwenye hukumu. Siku ya kusikilizwa nilikuja na gearboksi ya zamani. Fundi alitaka kuiuza chuma chakavu nikamkatalia, ikakaa wiki kadhaa kwenye kiroba chini ya meza yake, na siku hiyo tukaileta kwa pikapu na kuimalizia kwa guta mpaka getini. Mwenye yadi alisimama akaiangalia, akamwita pembeni dalali wake, wakazungumza Kiarusha nisichokielewa. Kisha akanifuata: "Mama, tuyamalize." Milioni 1 na laki 4, kwa mafungu mawili. Nilikubali kwa sharti moja, kwamba makubaliano yaingizwe kwenye kumbukumbu za mahakama, ili asipolipa nisianze upya. Fungu la pili lilichelewa siku 11. Nilimtumia picha ya ukurasa wenye muhuri, bila neno lolote, na jioni ile simu ikalia.